Shangazi, Pasi na Majoho ya Darajani

Watu wakinisikia namsifu shangazi yangu hudhani naongeza chumvi. Basi niseme mapema: haya yote yakitokea nilikuwepo, ila sikuona kitu, kwa sababu nilikuwa tumboni mwa mama. Ninayoyajua nimeyapata kwa watu watatu. Shangazi husimulia kwa maneno machache huku akiendelea na kazi yake. Mama husimulia kwa hasira. Kinyozi husimulia kwa uongo. Nimewasikiliza miaka yote hii, nikawachuja, na kilichobaki ndicho hiki.

Shangazi ni dobi. Wakati ule alikuwa dobi wa hospitali, kwenye chumba cha nyuma chenye mapipa matatu ya kuchemshia nguo, sakafu ya saruji iliyoliwa na sabuni, na meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu. Alikuwa na tabia mbili ambazo hakuna aliyewahi kumwachisha. Ya kwanza, hapokei nguo ya mtu bila kuuliza, "Kuna kitu mfukoni?" Alimuuliza daktari mkuu, alimuuliza mlinzi wa getini, na siku moja aliletewa shati la marehemu akamgeukia marehemu mwenyewe akamuuliza, wauguzi wakacheka mpaka wakakaa chini. Ya pili, kila nguo huipiga pasi kwa ndani kwanza, kwenye mishono, ndipo aigeuze. Dobi mzee aliyemfundisha kazi alimwambia uchafu wa juu unaonekana na kila mtu, dobi analipwa kwa ajili ya ule wa kwenye mshono.

Mama alikuwa hampendi. Sina haja ya kuficha. Siku moja kabla ya harusi, shangazi alijitolea kupiga pasi gauni la bibi harusi wa kaka yake, akaliunguza. Doa la kahawia, ukubwa wa kiganja, ubavuni. Mama alifunga ndoa amebana mkono wa kushoto kuanzia kanisani mpaka ukumbini, na picha zote zinamwonyesha hivyo, utadhani ana kipimajoto kwapani. Miaka miwili mizima wifi hawa walisalimiana kupitia kwa baba yangu.

Halafu ikaja Homa. Ilianza na kichwa, ikafuata baridi ya mifupa, kisha madoa meusi, na wengi hawakumaliza wiki ya pili. Soko likafungwa. Hospitali ikajaa, kisha ikamwagika, kisha ikanyamaza. Redio ilirudia wimbo mmoja siku tatu, nao ukakatika. Baba aliugua, mama akaugua. Mama alipona, akabaki na madoa shingoni na mimba ya miezi minane. Baba hakupona. Alimshika dada yake mkono akamwambia, "Mfikishe kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Mtoto asizaliwe huku." Shangazi akasema, "Nitamfikisha." Alikuwa hajawahi kumwahidi mtu kitu akakosa kukitimiza, ukiacha lile gauni.

Walitoka asubuhi iliyofuata mazishi. Shangazi alifunga shuka mbili, sufuria, miche sita ya sabuni, magadi kwenye mfuko, na juu ya vyote akaweka pasi yake ya mkaa, ile nzito yenye kifuniko.

"Wifi, unabeba pasi?" mama akamuuliza. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwake moja kwa moja tangu harusi. "Dunia inaisha, wewe unabeba pasi?"

"Kama inaisha," akajibu shangazi, "iishe imenyooka."

Siku ya pili wakampata Kinyozi. Alikuwa amejifungia dukani kwake katikati ya vioo vyake, amekaa kwenye kiti cha wateja, anajisimulia habari za mjini kwa vile hapakuwa na mwingine wa kumsimulia. Aliwauliza wanakwenda wapi. Walipomwambia ng'ambo ya mto, akauliza nywele watakatwa na nani huko njiani, akaviringisha wembe wake kwenye taulo, akawafuata. Hivyo ndivyo tulivyompata, na hadi leo hatujafaulu kumpoteza.

Nchi nzima ilikuwa imelala milango wazi. Walipita miji ambayo sahani zilikuwa bado mezani, mbwa wamenenepa, na mtu akitazama kwa nini wamenenepa anatamani asingetazama. Milango mingine ilichorwa msalaba kwa chokaa, na chini yake wameandika: HUKUMU. Kila walipopumzika shangazi aliwavua nguo kwa zamu, akazichemsha, akapiga pasi mishono. Mama alilalamika, Kinyozi aliona haya. Shangazi hakuwa na sababu yoyote ya kuwapa, ni mazoea tu, na mtu aliyezoea udobi wa hospitali hulala vibaya akiwa na nguo chafu.

Siku ya tisa, mchana, mvua kubwa iliwakimbizia kwenye kanisa moja kubwa la mawe. Mlango ulikuwa wazi na ndani watu wamejaa, safu kwa safu, wamevaa majoho meupe, vichwa vimeinama. Kinyozi akavua kofia akanong'ona, "Samahanini, tumechelewa."

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamekufa wote, kuanzia safu ya mbele mpaka ya nyuma, na ukutani juu ya madhabahu pameandikwa kwa mkaa: VAZI HALIVULIWI MPAKA AJE. Mama alitaka kutoka, lakini akamwona mzee wa safu ya kwanza anapumua. Kifua cha joho lake kilikuwa kinapanda na kushuka. "Yu hai!" akapiga kelele. "Wifi, huyu yu hai!"

Shangazi akasogea. Mzee hakuwa hai. Lililokuwa linatembea ni joho. Akaokota kijiti, akaipindua kola, akatazama kwenye mshono kama anavyotazama nguo ya mtu yeyote. Chawa. Maelfu kwa maelfu, wameuacha mwili uliopoa, wanashuka kwenye benchi kutafuta wenye joto.

"Tokeni nje," akasema. "Msiguse kitu. Msikalie kitu. Tokeni."

Wakakaa kwenye mvua mpaka ikaisha. Shangazi alikuwa anawakumbuka wenzake wa hospitali mmoja mmoja. Waliokuwa wanapokea nguo za wagonjwa mlangoni walikufa wote. Waliokuwa kwenye mapipa na kwenye pasi hakufa hata mmoja. Alikuwa amelijua jibu kwa mikono miaka yote, kichwani likamfikia siku ile.

Siku ya kumi na saba wakafika mtoni. Daraja lilikuwa moja, la chuma, refu, na mwanzoni mwake lango lenye kufuli. Mbele ya lango walikaa watu zaidi ya mia mbili wenye majoho meupe, na juu, kwenye kibanda cha mlinzi chenye ngazi, alikaa mtu waliyemwita Mtumishi. Kinyozi anasema kabla ya Homa alikuwa muuza magodoro, na hapo simwamini. Mtumishi aliwaambia watu kwamba Homa ni hukumu ya mwisho, kwamba ameyapaka majoho yao mafuta na anayelivua au kulifua amejitoa mwenyewe, na kwamba waliopona wakabaki na madoa wana alama ya yule Mnyama. Ufunguo wa lango aliuita ufunguo wa uzima, akauweka mwilini mwake. Siku ya kuvuka, akasema, ataambiwa.

Wenye madoa walipitishwa kwenye tanuri la matofali lililokuwa pale ukingoni. Watu walisema wanatakaswa. Shangazi alipopita karibu aliona vifungo vya nguo kwenye majivu, vya mashati ya kiume, vya magauni, na vile vidogo vya mviringo vinavyoshonwa kwenye nguo za watoto.

Mtumishi alitazama shingo ya mama tokea juu. "Ana alama," akasema.

"Mheshimiwa," Kinyozi akadakia, "yale ni madoa ya kuzaliwa, kwao wanayo wote, hata babu yake..."

"Si ya kuzaliwa," mama akamkata. "Niliugua, nikapona. Kupona nako ni kosa?"

Ndiyo maana nasema mama husimulia kwa hasira. Mtumishi akaamuru tanuri liwashwe, na kesho yake adhuhuri mama apitishwe.

Asubuhi wakaletewa maji kwenye banda la matofali walikofungiwa. Aliyeyaleta alikuwa kiongozi wa kwaya yao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutikisa madirisha, wenyewe walimwita Mama Sauti. Alikuwa anajikuna kwapa. Akiacha kwapa anahamia kiunoni.

"Dada, unawashwa," shangazi akasema.

"Ni moto wa Roho unaunguza dhambi."

"Umeanza lini?"

"Tangu tuvae. Mwezi wa tatu huu."

"Na nyumbani kwako kuna mgonjwa?"

Mama Sauti akaweka ndoo chini. "Binti yangu," akasema. "Kichwa kinamuuma. Siku ya pili leo. Kila asubuhi tunazika watano, sita. Mtumishi anasema imani yetu haijatosha."

"Nipe hilo joho dakika tano."

"Halivuliwi!"

"Basi usilivue. Nipe upindo tu. Simama hapohapo ulivyo."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani mama aliye na mtoto mgonjwa hukubali mambo mengi. Shangazi akamwomba mlinzi makaa kutoka kwenye lile tanuri lililokuwa linawashwa kwa ajili ya mama, akajaza pasi yake, akaipuliza mpaka ikaiva. Akatandaza upindo wa joho juu ya tofali, akaupindua kwa ndani, akapitisha ncha ya pasi kwenye mshono, taratibu.

Ukasikika mlio. Kama chumvi ya mawe iliyotupwa motoni: ta, ta, tatata. Ikafuata harufu ya damu iliyoungua. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akaingia. Shangazi akasogeza upindo, akapitisha tena, na mlio ukawa uleule. Mwenzake naye akaingia, kisha watatu, wanne, wote wanajikuna bila kujijua.

"Nini hicho?" Mama Sauti akauliza.

"Hukumu yenu," shangazi akasema. "Ilikuwa imelala kwenye upindo."

Mama Sauti alikitazama kitambaa muda mrefu. Yale madoa madogo mekundu kwenye mshono yalikuwa damu yake mwenyewe na ya binti yake. Machozi yakamtoka. Halafu akakamata joho lake, akalivulia kichwani, akalitupa mlangoni, akatoka nje na shimizi lake mbele ya kusanyiko zima. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha kila wimbo. Miezi mitatu watu walikuwa wamezoea kwamba akifungua kinywa, wao wanafuata.

"Vueni!" akapaaza sauti. Wanasema ng'ambo walimsikia.

Mtu wa kwanza alisita. Wa pili akavua. Kisha ikawa vurugu ya vitambaa na vichwa vinavyotafuta pa kutokea, wazee kwa vijana, waume kwa wake, na Mtumishi kule juu akipiga kelele kwamba baragumu la saba limeshalia na wataangamia uchi. Shangazi akatoka bandani, akalitazama tanuri. Lilikuwa limeiva barabara. "Haya," akasema, "moto tunao. Leteni mapipa."

Mama alikuwa huru, lakini lango lilikuwa limefungwa na ufunguo uko juu. Na shangazi alisema neno ambalo mama hajamsamehe mpaka leo: hata likifunguliwa, havuki mtu na chawa kwenda kwa mama wa wifi yake. Kwanza kila nguo ichemke. "Mimi nina mimba ya kupasuka," mama akafoka, "na wewe unafua nguo za waliotaka kunichoma!" Shangazi akamjibu kwamba nguo haina kosa.

Wakafua siku mbili. Sabuni ilipoisha wakatumia magadi, magadi yalipoisha wakatumia majivu ya kuni mpya, si yale ya zamani. Vifungo vya kwenye majivu ya zamani Mama Sauti na kwaya yake walivichambua kimoja kimoja, wakavizika kwa wimbo. Kinyozi alikaa kwenye tofali akanyoa kila kichwa, na kila kichwa kilipata maoni yake. "Wewe mzee, kumbe una sikio zuri hivi ulilificha ya nini?" Watu walicheka, wakashtukia wanacheka. Na kwa kila mtu aliyeleta nguo, shangazi aliuliza, "Kuna kitu mfukoni?" Walitoa pete za ndoa zisizokuwa zao, picha, barua, jino la kwanza la mtoto. Vyote vikapangwa juu ya meza ya matofali, na kila mwenye chake akakichukua baadaye.

Majoho yakaanikwa kwenye vyuma vya daraja, yakipitishwa juu ya lango na kuvutwa kwa kamba, pande zote mbili, mpaka daraja zima likawa jeupe.

Siku ya tatu asubuhi uchungu ukamshika mama. Wanaume wawili walisema watampandia Mtumishi wamnyang'anye ufunguo, wakafika ngazi ya pili wakarudi chini. Ukimwogopa mtu miezi mitatu huachi kwa siku mbili. Shangazi alikuwa ameshika pasi ya moto, anawaza kupanda mwenyewe, na mimi namjua, angepanda. Lakini kule juu mwenye joho la mwisho alikuwa ameshindwa na mwasho, akashuka mwenyewe. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mapipa wakasogea, na Mtumishi akapita katikati yao, kaptula na fulana, joho mkononi, amejikuna mpaka anatoka damu. Mtu mfupi, ukimwona chini. Akasimama nyuma ya bibi mmoja akangoja zamu yake.

Shangazi hakuinua hata kichwa. Alikunjua mkono akalipokea joho kama nguo ya mteja yeyote.

"Kuna kitu mfukoni?"

Mtumishi akasimama. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa joho, akatoa ufunguo.

"Weka pale na vingine," shangazi akasema, akalitosa joho kwenye pipa.

"Chukueni huo ufunguo, jamani, mimi nazaa!" mama akalia kutoka kwenye mkeka.

Lango likafunguliwa. Mama alikataa kubebwa. Alivuka kwa miguu yake, Kinyozi huku na Mama Sauti kule, katikati ya majoho mia mbili yaliyokuwa yanapepea kwa upepo na kunukia maji ya moto, shingo yake na madoa yake wazi juani. Nyuma yake wale watu wenye vipara na mashimizi walianza kuimba. Kinyozi anasema hajawahi kuona kwaya mbaya kwa macho na nzuri kwa masikio kama ile, na hilo namwamini, kwa sababu hata mama husema hivyohivyo, na akifika hapo hasira humwisha.

Nilizaliwa kwenye kibanda cha ushuru, upande wa pili. Kibandani hapakuwa na nguo hata moja ila ile ya mwisho, ambayo shangazi aliikamua akaja nayo inafuka mvuke. Kinyozi akaikata vipande kwa wembe wake. Nepi zangu za kwanza zilikuwa joho la mtu aliyesema siku zimekwisha. Shangazi akaanza kuzikausha kwa pasi, kwa ndani kwanza, kwenye mishono.

"Wifi!" mama akapiga kelele katikati ya uchungu. "Wifi, angalia usiunguze!"

Akaunguza. Hapohapo nikatoka nikalia, yeye akasikia, akainua macho, pasi ikabaki palepale ilipokuwa. Moshi ukapanda. Mama akaitazama nepi, akamtazama wifi yake, na kwa mara ya kwanza akamuuliza lile alilokuwa hajawahi kumuuliza: "Na gauni langu? Siku ile ulikuwa unaangalia nini?"

Shangazi akaiondoa pasi kwenye nepi. "Kaka alipita mlangoni anajaribu suti," akasema. "Alikuwa anacheka peke yake. Sijawahi kumwona mtu ana furaha vile. Nikamtazama."

Mama akalia, ndipo alipomlilia baba vizuri. Shangazi akakaa naye sakafuni, wakaniweka katikati. Siku mbili baadaye walifika kwa bibi. Shangazi alimwambia bibi, "Nimemfikisha," kisha akamzuia asimkumbatie mtu kwanza, akaomba ndoo na maji ya moto.

Binti wa Mama Sauti alipona, naye ana madoa. Mtumishi aliugua wiki ileile, shangazi akamwosha, akapona, akabaki na madoa shingoni kama ya mama, na sasa anapasua kuni za mapipa yetu na haongei sana. Ile nepi iliyoungua iko kwenye sanduku la mama, pamoja na gauni. Mara moja kwa mwaka shangazi huja kuitoa aifue, na mama husimama karibu yake mpaka amalize kuipiga pasi.